Habari Isiyokuwa ya Mnada

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wengine wa mji mdogo wa Hopkinsville wakiwa bado wamejifunika gubigubi, Lenora Tandy alikuwa ameshavaa mabuti na kukaa kiti cha mbele cha lori la baba yake. Baba yake, Alvin Tandy, alikuwa dalali wa mnada. Aliuza matrekta makuukuu, ng'ombe, samani za wazee waliohamia kwa watoto wao, hata maboksi ya vikombe visivyo na sahani. Ukimsikia jukwaani, "Kumi nimepata, kumi na tano nani? Kumi na tano hiyo, ishirini nani?" ungedhani mtu yule havuti pumzi.

Kazi ya Lenora, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, ilikuwa kugawa vibao vya namba kwa wanunuzi na kuinua juu vitu vidogo ili watu wavione. Lakini roho yake ilitaka jambo moja tu: apande jukwaani anadi yeye. Nyumbani alijizoeza akiosha vyombo. Alinadi sufuria, alinadi soksi za baba yake, alimnadi hata paka.

"Baba, leo nipe boksi moja tu. Moja!"

"Bado."

"Mbona ulimi ninao?"

"Ulimi unao, tena wa kumkopesha jirani," alisema baba yake. "Ninachosubiri ni breki."

Siku hiyo palikuwa na trekta jekundu. Mkulima mmoja, Bwana Cravens, alilizunguka tena na tena, akalipapasa, akapanda, akashuka, akamwita mkewe aje alione. Baba akamnong'oneza Lenora, "Unamwona yule? Ameshapenda, na uwanja mzima unajua. Sasa watampandishia mpaka akome." Na kweli, walimpandishia. Bwana Cravens aliondoka na trekta lake, uso umemsawijika kwa bei aliyolipa.

"Umeona?" baba alisema. "Ukipenda kitu mnadani, mikono mfukoni, uso mkavu. Uso ukisema kabla ya wakati, umekwisha."

Lenora alimcheka Bwana Cravens njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakujua kuwa kesho yake tu angefanya kosa kubwa kuliko lile, tena kwa mali isiyokuwa yake.

Lenora alikuwa na dada, Corinne, wa miaka ishirini na minne. Corinne alikuwa amemaliza shahada ya kwanza, na sasa alikuwa karani katika mahakama ya wilaya. Kila siku aliwaona watu wakisimamishwa mbele ya hakimu, na wakili wa kuwatetea maskini alikuwa mmoja tu, mafaili yamemfika kidevuni, jina la mteja wake analisoma mlangoni. Corinne alitaka kuwa wakili wa pili. Ili awe wakili, ilimpasa asome sheria miaka mitatu, na vyuo viwili vilikuwa vimemkubali.

Cha kwanza kilikuwa Wexley, huko Mashariki, chuo ambacho watu wakikitaja hupunguza sauti kama wako kanisani. Wexley walimpa ufadhili kidogo. Karo iliyobaki angeikopa, na mkopo wenyewe ulikuwa wa kumfanya mtu azeeke nao. Cha pili kilikuwa Green River, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka nyumbani. Walimu wake wazuri, ila jina lake halimshtui mtu. Green River walimpa ufadhili wa karo yote, lakini kwa sharti: akiangukia nusu ya chini ya darasa kwa alama, ufadhili unakatwa.

Jumamosi ile jioni, wakiwa mezani na nyama ya nguruwe ya kukaanga na mkate wa mahindi, mabishano yalianza tena.

"Jina la Wexley linakufungulia mlango kabla hujabisha," alisema mama yao, Gwen. "Tena nikwambie, mwanangu. Watu kama sisi tumeambiwa tangu zamani tuchukue cha karibu, cha bei nafuu, tushukuru. Mimi nimechoka kushukuru."

"Na deni litalipwa na jina?" aliuliza baba.

"Alvin, usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza tu."

Corinne akacheka. "Tulieni wote wawili. Wexley nimewaambia Green River wamenipa nini, nikawaomba waniongezee. Ndivyo inavyofanywa. Vyuo navyo hushindania wanafunzi. Wakijua bado nayumba, wataongeza. Wakijua nimeshakata shauri, waongeze ya nini?"

"Kama trekta la Bwana Cravens!" alidakia Lenora.

"Haswa. Kwa hiyo asiseme mtu neno mpaka niseme mimi. Mwisho wa kuamua si Jumatatu hii, ni ile inayofuata."

"Hata kanisani?" aliuliza mama.

"Hasa kanisani!" wakajibu Corinne na baba kwa pamoja, na wote wakaangua kicheko.

Sasa, kanisani kwao kulikuwa na desturi moja. Kila mwezi wa nne iliwekwa Jumapili ya Wasomi. Waliokuwa wakienda vyuoni walisimama mbele ya watu, kila mmoja akataja chuo chake, waumini wakapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Baadaye zililiwa keki. Dada Pettus, bibi aliyeitwa "Dada" kwa desturi ya kanisa, ndiye mama wa jiko, naye alimwokea kila msomi keki yake, yenye rangi za chuo chake. Mwaka ule Jumapili ya Wasomi iliangukia siku moja kabla ya ile Jumatatu ya Corinne.

Kesho yake, wiki moja kabla ya siku hiyo, baada ya ibada, Lenora alikuwa jikoni kanisani akikausha vikombe. Dada Pettus akamgeukia, mikono kiunoni.

"Lenora mwanangu, dada yako anakwenda wapi? Nataka kununua rangi ya keki."

"Sijui, mama," Lenora alijibu. Mpaka hapo alifanya vyema.

Lakini pembeni alikuwako Tiana, mjukuu wa Dada Pettus, anayesoma darasa moja na Lenora. Kaka yake Tiana alikuwa amechukuliwa na chuo kikubwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, na tangu siku ile Tiana alitembea kama yeye ndiye aliyefunga vikapu vyote.

"Bibi, keki ya kaka ni nyekundu na nyeusi, usisahau," alisema Tiana. "Ya kina Lenora paka siagi tu. Dada yake ataishia hapo hapo nyuma ya nyumba."

Damu ikampanda Lenora kichwani.

"Nani aishie nyuma ya nyumba? Dada yangu amechukuliwa Wexley!"

"Wexley gani? Muongo!"

"Wexley hiyo hiyo!" Na hapo breki zikakatika. Lenora akapanda juu ya kiti, akashika mwiko, akaanza kunadi kama baba yake: "Wexley nimepata, zaidi ya Wexley nani? Nani ana zaidi? Hakuna? Moja, mbili, tatu, imeuzwa!" Akagonga mwiko mezani.

Jiko zima likalipuka. Akina mama wakamkumbatia, wengine wakapiga vigelegele vyao vya kanisani, "Asante, Yesu!" Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja mrefu na kikombe cha kahawa mkononi. Huyu alikuwa Jaji Hollis Whitlow, jaji mstaafu, mtu pekee wa kanisa lile aliyewahi kusoma Wexley. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mwanangu," alisema, "Corinne amekata shauri kweli? Anakwenda?"

Lenora angeweza kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini Tiana alikuwa amekodoa macho, na ladha ya ushindi bado ilikuwa tamu mdomoni.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Ila ni siri mpaka Jumapili."

"Siri iko salama," wakaitikia akina mama wote pamoja. Siri ya jiko zima, jamani! Lenora alirudi nyumbani akijiambia kwamba hajadanganya sana, maana kukubaliwa Wexley si amekubaliwa?

Jumatano jioni, familia ikiwa mezani, simu ya Corinne ililia. Akaitazama, akaruka. "Ni Wexley!" Akaweka kidole mdomoni, wote wakanyamaza.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Corinne, akitabasamu. Kisha tabasamu likaanza kupungua. "Samahani, mmesikia nini? Hapana, mimi sijasema... Nani amewaambia?... Nimeelewa. Na lile ombi langu la kuongezewa?... Nimeelewa. Asante."

Akaiweka simu kando ya sahani, polepole.

"Wanasema wamefurahi sana kusikia kwamba ninakwenda. Jaji Whitlow aliwapigia Jumatatu kuwapongeza, akasema kanisa zima linasherehekea. Na kwa kuwa mimi nimeshaamua, fungu lililokuwapo watawapa wale ambao bado wanasitasita."

Baba akagonga meza kwa kiganja. "Hollis Whitlow! Mzee mzima, jaji wa miaka yote ile, anakwenda kutia ulimi wake kwenye mambo ya watoto wa watu! Kaipata wapi hiyo habari?"

"Ameota," alisema mama kwa uchungu. "Alitaka mtu wa kwenda chuoni kwake, basi akaota."

"Jumapili nitamuuliza mbele ya watu wote," alisema Corinne. Akasukuma kiti, akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Mkate wa mahindi ukamkauka Lenora mdomoni kama vumbi. Alijua ni nani aliyemwambia Jaji. Alijua pia kwamba mzee wa watu anatukanwa kwa kosa lisilo lake. Akainuka, akamfuata dada yake. Corinne alikuwa ameketi kwenye ngazi, analia.

"Usilie, Corinne. Wexley bado si wanakutaka?"

"Silii kwa ajili ya Wexley," alisema Corinne, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Nalia kwa sababu sasa huku shimo na kule shimo. Nikienda Wexley, deni litanichagulia kazi. Nikienda Green River, nikiteleza mtihani mmoja tu, ufadhili umekwenda na deni nimelipata vile vile. Nilikuwa na nafasi moja ya kuongea nao, na mtu amenifungia mlango."

Lenora alifungua mdomo aseme.

"Nikuletee chai?" ndilo aliloweza kusema.

Usiku hakupata usingizi wa maana, na shuleni kesho yake mwalimu alimwita mara mbili bila yeye kusikia. Kengele ya mwisho ilipolia, Lenora alipanda baiskeli, lakini hakushika njia ya kwao. Alikwenda moja kwa moja kwa Jaji Whitlow. Alimkuta kwenye banda la gari, amepiga magoti mbele ya mashine ya kukatia nyasi, mikono imejaa grisi.

"Karibu, binti wa dalali! Umekuja kuninadia mashine hii? Nitaiuza hata kwa senti."

Lenora hakucheka. "Jaji, nilikudanganya."

Mzee akaweka spana chini.

"Corinne hajakata shauri. Alituambia tusiseme kitu, maana alikuwa anaomba aongezewe ufadhili. Mimi nikasema kwa sababu ya Tiana. Ulipopiga simu, Wexley wakakataa kumwongezea. Na nyumbani wanadhani ni wewe uliyezua. Baba amekasirika sana. Nami nikanyamaza." Alisema yote kwa mfululizo mmoja, asije akakwama tena kama jana, kisha machozi yakamtoka.

Jaji alichukua kitambaa, akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Baba yako amenitukana?"

"Ndiyo, bwana. Kidogo."

"Nusu yake nimeistahili," alisema mzee, akaguna. "Miaka yote niliyokaa mahakamani, mtu akija kuniambia 'nilisikia fulani akisema,' nilimwambia akae chini, amlete fulani mwenyewe. Sasa mimi nimesikia jikoni, nikakimbilia simu. Mwenye habari sikumwuliza. Furaha ilinitia upofu." Akainuka kwa shida, akishika kiuno. "Haya, twende."

"Wapi?"

"Kwa mwenyewe. Utasema wewe, kisha nitasema mimi."

Familia yote ilikuwa nyumbani. Baba alipomwona Jaji mlangoni alisimama wima, lakini Lenora aliwahi katikati.

"Si yeye, Baba. Ni mimi." Akaeleza yote, jiko, mwiko, "imeuzwa" na "ndiyo, bwana." Hakujipunguzia hata chembe.

Corinne alimgeukia mdogo wake.

"Ulijua ni siri?"

"Nilijua."

"Ukasema kwa nini?"

"Tiana alisema utaishia nyuma ya nyumba."

"Kwa hiyo ukaniuza ili umshinde Tiana."

Lenora alitamani apigwe kuliko kuambiwa vile.

"Jaji," baba alisema, akikuna shingo, "tangu jana nimekutukana kiasi cha haja."

"Nisamehe la simu, nami nakusamehe hayo. Tena nimesikia yalikuwa kidogo tu."

"Nani kakwambia kidogo?" alisema baba, na wote wakacheka, hata Corinne. Mama akamvutia mzee kiti, akammiminia chai ya sukari yenye barafu.

Jaji alikunywa, kisha akamgeukia Corinne. "Ukimaliza shule ya sheria, unataka kufanya nini?"

"Kuwatetea wasio na wakili. Hapa hapa."

"Basi nikwambie jambo ambalo sikulisema kanisani hata siku moja. Wexley ni chuo kizuri, sitakudanganya. Jina lake limenifungulia milango mingi. Na mimi pia nilitaka kurudi hapa kuwatetea watu. Lakini nilitoka na deni, na mshahara wa kazi ile usingelilipa. Nikaenda Chicago, kwenye kampuni kubwa ya mawakili. Nilisema nitakaa miaka miwili. Nikakaa kumi na mmoja, nikiandika mikataba ya watu nisiowajua. Mama yangu aliugua nikiwa huko. Nilifika siku ya mazishi, na kesho yake nikarudi kazini." Akaweka glasi chini. "Hilo bado linaniuma."

"Kwa hiyo unamwambia asiende," alisema mama.

"La, Gwen. Angetaka kuwa profesa, au kufanya kazi kwenye zile kampuni kubwa, ningemwambia nenda hata kwa kutambaa. Kule wanauliza jina kwanza. Lakini mtu akikamatwa usiku hapa Hopkinsville, hamwulizi wakili wake kasoma wapi. Anauliza, umesoma faili langu?"

Mama alizungusha glasi yake. "Mimi sikutaka achukue kidogo kwa sababu tumezoea kidogo," akasema.

"Si kidogo, Mama," alisema Corinne, akamshika mkono. "Kazi ninayoitaka iko mtaa wa pili kutoka hapa. Kinachonitisha ni sharti la Green River."

"Na ni la kutisha kweli," alisema Jaji. "Shule za sheria hupanga wanafunzi kwa kuwalinganisha. Hata wote wakiwa hodari, nusu lazima waangukie nusu ya chini. Umewaomba waliondoe?"

"Sharti linaombewa kuondolewa?"

Jaji akamtazama baba. "Alvin, huyu kweli binti yako? Binti wa dalali ananiuliza kama bei inazungumzika!"

Ijumaa asubuhi Corinne alipiga simu mbili. Kwanza Wexley: aliwaambia ukweli, kwamba habari waliyoipata haikutoka kwake na kwamba bado hajaamua. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwongezea kidogo, wakasema fungu kubwa limeshagawiwa. Kisha Green River: aliwaambia anataka kwenda kwao, lakini hawezi kusoma miaka mitatu akiwa na panga juu ya kichwa. Wakasema watamjibu. Baada ya chakula cha mchana walipiga: sharti limeondolewa, mradi afaulu mitihani yake.

Corinne alipiga ukelele mpaka paka akakimbilia uvunguni. Mama alilia kidogo, nusu kwa furaha na nusu kwa lile jina kubwa lililokuwa linaondoka nyumbani kwake. Kisha akajifuta, akauliza rangi za Green River ni zipi.

Lo! Keki!

Jumamosi ile Lenora hakwenda mnadani. Baba alimshusha kwa Dada Pettus, akamwambia amalize alichokianza. Keki ilikuwa mezani, ya tabaka tatu, imepakwa krimu ya zambarau na nyeupe, rangi za Wexley, tena nzuri kupita kiasi. Lenora alisema ukweli kwa mara ya tatu wiki ile, na bado haukuwa mwepesi.

Dada Pettus alifumba macho. "Mtoto wewe. Krimu hii nimeipaka mpaka mgongo ukaniuma."

"Nitaikwangua yote, mama. Naomba unifundishe kupaka nyingine."

Tiana alikuwa ameegemea jokofu. "Kwa hiyo ni nyuma ya nyumba kweli."

Lenora alimtazama. Jibu kali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Ni saa mbili kwa gari," alisema. "Lete kisu kingine, tukwangue."

Tiana alisita, kisha akaleta. Walikwangua, wakalamba vidole, wakapaka kijani na dhahabu, rangi za Green River. Kwenye kona moja zambarau ilikataa kutoka, wakaifunika kwa ua la krimu.

Jumapili, zamu yake ilipofika, Corinne alisimama mbele ya kanisa na kusema mwenyewe, kwa mdomo wake: "Ninakwenda Green River, karo yangu imelipwa yote, na nikimaliza narudi hapa." Makofi yalikuwa makubwa, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Jaji Whitlow.

Wakirudi nyumbani, Lenora alikaa kando ya baba yake katika lori. Baba alizungumza bila kumtazama, macho barabarani.

"Lenora, wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona. Mimi nauza vitu vya watu kila Jumamosi, lakini siuzi hata kijiko kabla mwenyewe hajanikabidhi. Habari ya mtu nayo ni mali yake. Hujakabidhiwa, usiinadi, hata kama ni njema, hata kama unampenda. Corinne hatajua kamwe Wexley wangempa nini Jumatano ile. Hilo halikwanguliki kama krimu."

"Najua, Baba."

"Lakini ulikwenda kwa Jaji peke yako, hujatumwa na mtu. Ukweli ule ndio uliotufungulia mlango mwingine. Kukosea kila mtu hukosea. Kurudi na kusema 'ni mimi,' hapo ndipo mtu anapoanza kukua."

Jumamosi iliyofuata Lenora alikuwa uwanjani tena na vibao vyake. Corinne naye alikuja kusaidia kuuza kahawa. Bwana Cravens, yule wa trekta jekundu, akamsogelea Lenora, akainama.

"Nasikia dada yako kaikataa Wexley! Hebu niambie, kwani walimpa kiasi gani?"

Lenora aliweka mikono mfukoni.

"Muulize mwenyewe, bwana. Yule pale, kwenye kahawa."

Baba yake alikuwa nyuma yake na alisikia. Aliinama, akaokota boksi la vikombe visivyo na sahani, akaliweka juu ya meza ya jukwaani.

"Panda," akamwambia.

"Mimi?"

"Mwenye boksi amenikabidhi, na mimi nakukabidhi wewe. Nadi."

Lenora alipanda. Kutoka kwenye meza ya kahawa Corinne aliinua mkono juu kabisa, bila kibao, akicheka, uso wake wote ukisema anavitaka vikombe vile.

Lenora akavuta pumzi.

"Dola moja nimepata kwa dada yangu. Mbili nani?"